Bei ya Jiwe

Miaka thelathini na moja nimetoa nyongo za ng'ombe
kabla jua halijaugusa mlima,
mkono wa kushoto ukilibeba ini kama mtoto anayeogeshwa,
wa kulia ukikata pale, pembeni, polepole,
maana tone moja la kijani likimwagika
hata mbwa wa Pasua ataikataa ile nyama.
Sikuwahi kupasua hata moja.
(Moja. Mwaka wa mvua kubwa.
Mama Aikande hadi leo hanunui kwangu.)

Basi ikaja zamu ya yangu.
Usiku wa Pasaka, baada ya kisusio na mbavu zenye mafuta,
mtu akanitia ndoana chini ya ubavu wa kulia
akavuta mpaka begani.
Nikatapika. Rangi ile naijua.

KCMC wakanipaka ute wa baridi tumboni,
binti akanigeuzia kioo: "Vijiwe, baba.
Vitano. Labda sita."
Mpasuaji akasema Jumanne.
Nikasema Jumanne nina harusi.
Sikuwa na harusi.

Nikapanda ngazi nyuma ya stendi, juu ya duka la matairi,
kwa Daktari Fang, mwanamke mfupi, kalamu sikioni.
Ukuta mzima droo, kama posta ya zamani,
na harufu: udongo, maganda ya chungwa,
kahawa iliyosahauliwa motoni.
Akanishika kiganja kwa vidole vitatu, akanyamaza
kama anayesikiliza ugomvi wa chumba cha pili.
Akataka ulimi. Nikautoa.
Akauliza, kupitia kwa Anaeli, kijana wa Marangu aliyesomea kwao,
kama huwa nazinduka saa saba za usiku.
Kila siku, nikasema.
Sikumwambia kwamba ndiyo saa ya kazi yangu.

Droo ikafunguka. Majani makavu, ya mviringo.
"Wanayaita sarafu za dhahabu," Anaeli akatafsiri,
nami nikacheka hadi ubavu ukanikanya.

Dhahabu ya nyongo unanifundisha mimi?
Kila mwisho wa mwezi huja mnunuzi machinjioni
na mizani ya sonara mfukoni,
anauliza kwa sauti ya chini kama kuna ng'ombe aliyekuwa na jiwe.
La manjano, jepesi, linalomeguka kama ganda la yai.
Dawa, huko Uchina.
Ndesario aliliokota moja kwenye maksai wa Simanjiro,
akaezeka nyumba bati, chenji ikanunua mbuzi.
Mimi nimezipapasa nyongo kwa dole gumba miaka yote hiyo
kama kuku anayechakura uani,
nisipate hata changarawe.
Leo ninayo sita. Yangu. Ya bure.

"Muulize," nikasema, "la mtu ni shilingi ngapi?"
Anaeli akaona haya. Nikamkazia macho.
Akauliza.

Daktari hakucheka.
Akainua picha ya KCMC kwenye mwanga wa dirisha,
akalipima jiwe kubwa kwa ukucha wa kidole cha mwisho.
Akasema mengi. Anaeli akanipa machache:
"Anasema majani yatatuliza tumbo, labda.
Hili ni kama punje ya haragwe, na mlango wake ni uzi.
Anasema kwao ujasiri wa mtu hukaa kwenye nyongo."
Kijana akasita.
"Anauliza, ilikuwa Jumanne ipi?"

Nimechemsha majani kwenye sufuria ya mke wangu,
ile asiyotaka iguswe.
Machungu, lakini si machungu ninayoyajua.
Aikaruwa ameketi mlangoni ananihesabia vikombe,
hasemi kitu kuhusu harusi.

Kesho ndiyo Jumanne.
Nisichojua ni hiki: wakiitoa,
kile kidogo nilichonacho cha ujasiri
kitahamia wapi, kwenye figo, kwenye goti?
Kabla sijalala usingizi wao nitamwambia mpasuaji:
kushoto shika ini, kulia kata pembeni,
polepole, mwanangu, usiipasue.
Na mawe uniwekee kwenye chupa yenye mfuniko.
Ndesario akija kuniona, asiyashike.