Mstari wa Chokaa

Ubao uko palepale bwaloni, juu ya mlango wa jiko,
moshi wa maharage umekula nusu ya dhahabu yake.
*Kolumba Mchopa, 1953.*
Mzunguko mmoja, sekunde hamsini na moja.
Miaka sabini wavulana wanakula ugali
wakilitazama jina hilo,
na hakuna aliyelishusha.

Mimi natunza uwanja.
Navuta kamba, namwaga chokaa, nafukuza mbuzi wa Mwalimu Nambunga.
Kipande cha reli kinapogongwa, Masasi ingali gizani,
wanatoka bwenini pekupeku, umande ukiwauma vidole,
kama walivyotolewa babu zao kwa filimbi ya Padri
aliyeamini kwamba mvulana aliyechoka
hana nguvu ya kutenda dhambi.

Mwaka juzi nikichimba shimo la nguzo ya goli
jembe lilikwaruza jiwe lililopakwa rangi nyeupe.
Nikapata la pili. Hadi jioni nikayapata yote manne:
kona za uwanja wa kwanza,
uliopimwa kwa hatua za Padri,
na Padri, wanasema, alikuwa mfupi.
Nikaleta futi kamba. Nikapima mara tatu.
Mzunguko ulipungua mita kumi na moja.

Niliyafukia mawe. Nikaufukia na mdomo wangu.
Mzee Kolumba angali hai, huko Lulindi.
Kila sikukuu ya shule huletwa kwa bodaboda,
huvua kofia mbele ya ubao,
huusoma polepole, kama mtu anayekagua risiti.

Sasa mwaka huu yupo Chitenje, kidato cha tatu,
mtoto wa mbangua korosho,
vidole vimebabuka kwa mafuta ya maganda.
Hamsini na mbili kamili.
Alilala kifudifudi vumbini, hakuinuka
hata kengele ya chakula ilipolia.
"Babu, nimepungukiwa nini?"
Jibu lilinifika kwenye meno, nikalimeza:
hukupungukiwa, mwanangu.
Ulizidishiwa.

Kesho ni sikukuu. Kiti cha mzee nimekiweka mbele, kivulini,
aone vizuri.
Na usiku huu nimetoka na ndoo ya chokaa.
Mstari wa kuanzia nimeufuta kwa unyayo,
nimechora mwingine, mbele,
hatua kumi na moja
nilizozihesabu kwa kunong'ona.

Mimi pia ni mfupi.