Nusu

Rehan alimweka juu ya mizani ya maharage,
akaondoa kidole, akachuchumaa, akatazama tena.
"Kilo moja kasorobo. Huyu si jogoo, mama Bakhita,
haya ni manyoya yanayotembea."
Wateja wakacheka. Nami nikacheka, kidogo,
kisha nikamfunika kwa ncha ya leso.

Alitoka Maracha, kwa shemeji yangu Andama,
uani penye majogoo manne na sinia moja la chakula.
Walimla kwa zamu: leo upanga, kesho kisogo,
mpaka akajifunza kuishi chini ya ghala,
akinywa umande, akila kilichosahauliwa na siafu.
"Mchukue," Andama alisema, "kabla sijamtia chumvi,
ingawa sufuria yenyewe itaona haya."

Jogoo wa shamba hawiki mjini, wasema.
Huyu hata shamba hakuwika.

Usiku ule, kando ya cherehani,
nilimtoa katika katoni ya sabuni polepole,
kama anayefungua barua ya msiba.
Kidari kimechongoka mithili ya makali ya jembe.
Utitiri umejaa chini ya mbawa.
Nikampaka majivu, nikampaka dawa ya zambarau
pale palipokuwa pekundu, maana kuku
wakiona damu husahau udugu.
Nikalowesha wimbi, nikaponda dagaa.
Hakula. Alitazama kwanza nyuma, kushoto, nyuma,
akadonoa mara moja, akakimbia mara mbili
kumkimbia mtu asiyekuwapo.

Nilimjua mtu wa kula hivyo.
Darasa la tano, Candiru, msichana aliyenuka moshi.
Alikula muhogo wake uso ukutani,
na sisi nyuma yake, tulioshiba,
tulikuwa na midomo.
Mimi nilikuwa na mdomo.
Sijui aliolewa wapi. Sijui kama yu hai.

Wiki mbili ndani, kisha tenga uani,
matetea watano wamzunguke, wamchungulie, wachoke.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
wangu nilimfunga kwa uzi wa buluu uliobaki
kwenye sare za shule, fundo legevu,
la kumwambia tu: hapa.
Bakhita akamwita Nusu, akamletea kumbikumbi
ndani ya kofia ya baba yake, mvua ilipokatika,
na Nusu akala bila kutazama nyuma,
wanne, watano,
kisha akatazama.

Chombo cha pili cha maji, nyuma ya pipa:
hiyo ndiyo siri, kama mnataka siri.
Mnyonge apate pa kunywa
pasipopitia mbele ya mwenye nguvu.

Usiku wa kumwingiza bandani nilizima taa.
Nikampandisha kwenye boriti, kati ya koo mzee na ukuta.
Koo yule, Hajati tunamwita, hapendi mtu.
Alinung'unika, akasogea upana wa kidole.
Asubuhi akamdonoa. Mara moja, bila damu.
Mchana akamdonoa tena. Jioni wakachakura pamoja
chini ya mpapai, kila mmoja na upande wake,
na kiwavi aliyetokea katikati
akaachwa aende zake.

Kuwika? Alijaribu Ijumaa moja
baada ya adhana ya alfajiri, sauti ya cherehani
inayodai mafuta, ikakatikia njiani.
Oli nzima ina majogoo bora kuliko yeye.
Hakuna aliyegeuka ila mimi niliyekuwa nikitawadha,
birika likaniponyoka, nikaanza upya.

Jana Rehan alimpima: kilo mbili na robo.
"Mbadilishe jina," akasema. Bakhita akakataa.
Upanga haukuota tena; una pengo
kama chanuo lililong'oka jino.
Na bado, kabla ya kula, hutazama nyuma.
Nami husimama pale, nyuma yake, mikono mitupu,
ili akitazama
amkute mtu.