Pipa la Masizi

Kazi yangu ilikuwa masizi.
Kabla Profesa Kyalwe hajapanda ngazi
niliwasha taa ya mafuta, nikazungusha pipa juu ya moshi
mpaka karatasi ikawa nyeusi kama kisigino cha mchimbaji.
Kisha chura: mguu mmoja, uzi, ubua wenye ncha.
Waya ukigusa neva, paja linaruka,
ubua unakwaruza mlima mweupe gizani.
Gusa tena. Mlima tena.
"Hapa," alisema profesa, "hatumuulizi chura anajisikiaje."

Mwaka huo watu wa saikolojia walishuka kutoka ghorofa ya pili.
Walikuwa wamechoshwa na madaftari ya maungamo,
"naona huzuni ya kijivu", "nahisi kama nimehisi",
kila mtu shahidi wa chumba ambacho ufunguo anao peke yake.
Walitaka mlima mweupe.
Wakaazima pipa, wakaazima saa, na ile desturi yetu
ya kusogeza kitu kimoja na kuvikanya vingine visitikisike.
Wakaazima hata mbwa, yaani habari zake:
yule aliyetobolewa shavu na daktari wa matumbo, huko kwenye theluji,
daktari akitafuta mambo ya mmeng'enyo tu,
akakuta mbwa anadondosha mate kwa kusikia viatu.

Nilicheka kimoyomoyo, mimi wa masizi.
Viatu? Wangekuja Katuba saa kumi na moja jioni.

Sisi tulilelewa na king'ora.
Kilipolia kule chini ya bomba refu la moshi
komini nzima iligeuka tumbo.
Mama alipindua bukari, mlango ukalia,
baba akaingia na harufu yake ya asidi,
na mate yangu yalikuwa yameshafika mezani.

Halafu barua. Halafu mihuri. Halafu king'ora kikanyamaza.
Baba hakunyamaza naye.
Saa kumi alfajiri alikaza kamba za buti,
akaenda mpaka geti, akaligusa, akarudi.

Nikamsimulia Nsompo, mwanafunzi mwenye saa mbili mkononi.
"Itazimika," akasema. "Kengele bila nyama,
mara ishirini, thelathini, mbwa husahau."
Akaja kwetu na karatasi ya mraba.
Siku ya arobaini, alama. Siku ya mia, alama.
Mvua ya Januari, mafua, msiba wa shangazi: alama, alama, alama.
Mstari ulitakiwa kushuka.
Ulikwenda sawa, kama reli ya Likasi.

Sisemi njia yao ni mbovu.
Nimeishi na ule mlima mweupe, haujui kunipendeza.
Ila asubuhi ya mia mbili na kumi na tatu
Nsompo alifunika kalamu, akachuchumaa karibu na zile buti,
akauliza kile ambacho ghorofa zote mbili zilikataza:
"Mzee, unasikia nini?"

Baba akamaliza fundo kwanza.
"Nasikia kwamba hakilii."

Alitafuta safu ya kuliandika neno hilo.
Akageuza karatasi, akageuza tena.
Mwishowe akaliweka ukingoni, kwa penseli, herufi ndogo,
na baba alikuwa ameshafika barabarani.