Bawabu wa Chumba cha Pili

Walikuja Alhamisi, stima imeshakatika mara mbili,
baba mbele, mwana nyuma, laptopu katikati
imefungwa taulo kama mtoto mwenye homa.
Kibanda changu kiko nyuma ya Marikiti, juu ya muuza viungo;
nikifungua mashine hapa
hutoka vumbi kwanza, kisha bizari.

"Fundi Kadzo," akasema Bwanaheri, karani wa ghala la chai Shimanzi,
"hini mashine imekufa. Na kesho saa mbili nina makasha kumi na moja."
Munir alikuwa akikwangua rangi ya meza yangu kwa ukucha.

Nikaiwasha.
Weusi. Mstari mmoja wa maandishi,
na kijistari kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyesahau alilotumwa.

Nikauliza: nani alifuta?
Fundi haulizi nini kimeharibika. Huuliza nani, kisha hunyamaza.

"Nilimwamrisha mimi," akasema baba.

Diski ilikuwa nyumba ya vyumba viwili:
cha baba, Windows, vibali vya bandari na daftari za mizani;
cha mwana, Ubuntu, alichokijenga usiku kwa flashi ya kuazima.
Kila asubuhi baba akiwasha, anaulizwa aingie wapi.
Kuulizwa! Ndani ya nyumba yake!
Futa, akasema. Mwana akafuta.

Hawakujua, na nani angewaambia,
kwamba bawabu wa nyumba nzima,
yule aamkaye kabla ya wote, funguo za huku na huku,
alikuwa amehamia kulala chumba cha mwana.
Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Bado hatujasema lolote
juu ya mgeni aliyefukuzwa na funguo mfukoni.

Nikachomeka flashi yangu, ile ya uzi mwekundu.
Kufuta si kubomoa.
Aliyefuta kakwangua jina mlangoni tu;
kuta zipo, kitanda kipo,
ila hakuna karatasi isemayo chumba kinaanzia wapi.
Nikaituma programu itafute mipaka, sekta kwa sekta,
dakika arubaini na mbili.
Nikaagiza mahamri. Munir akala nusu.
Bwanaheri akatembea hatua nne, ndio upana wa kibanda, akarudi.
Asilimia sitini na tatu, stima ikaondoka tena.
Betri ikashika. Sikupumua hadi sabini.

Chumba kikatokea, kizima,
na ndani yake folda: mizani_ya_baba.
Nikamtazama Munir, Munir akatazama sakafu.
"Ni ya kujumlisha magunia," akasema. "Usiwe unanakili kwa mkono.
Lakini haijakamilika. Ikifika gunia la tisini na tisa inakwama."

Kimya. Chini mtu anatwanga iliki.

"Kwa nini tisini na tisa?" akauliza baba.

Waliongea. Mimi nikamwandika bawabu upya,
nikamwonyesha milango yote miwili,
nikampa sekunde kumi za kungoja.
Likabaki swali nisilolipenda:
asipochagua mtu, aingie nani?

Munir akafungua mdomo.
"Mtangulize yeye," akasema Bwanaheri.
"Mimi asubuhi niko macho, naweza kubonyeza mshale.
Yeye usiku husinzia."

Walikuwa ngazini nilipokumbuka saa.
Mmoja huiweka kwa saa za Mombasa, mwenzake kwa saa za Greenwich,
kila akiingia huyu, humkuta yule kadanganya kwa saa tatu.
Bwanaheri akacheka, mara ya kwanza tangu aje:
"Sisi wenyewe twaona tisa ukutani, twasema tatu,
na hakuna aliyekosa chai."

Hata hivyo nikawarudisha. Bandari haina mzaha huo.
Amri moja, mstari mmoja, saa zikapatana.

Nilikuwa nimesema elfu moja.
Akalipa mia nane,
na nusu ya hamri akaifunga kwenye taulo.