Kipimo

Alfajiri, bwawa la nne halina ukungu wala chura.
Kimya hiki si cha amani. Ni cha nyumba iliyohamwa
taa zikaachwa zinawaka.

Bi Teshima ana daftari, mimi nina kikapu.
Kiota cha kukuziwa: mayai tisa, ya baridi.
Analipasua la kwanza kwa ukucha, kama amenyaye chungwa,
anachungulia. "Andika. Macho, hakuna."
La pili: "Mdomo umepinda."
La tatu: "Miguu..."
kisha anavua miwani, anaipangusa, ingawa haikuwa chafu.

Maji haya yalitoka mashambani na heshima zake:
yalinywesha pamba, yakanywesha nyanya,
yakazama, yakaokota chumvi za milima ya magharibi,
yakadakwa na mabomba yaliyozikwa
na kuletwa hapa, ambapo ramani ya San Joaquin
imeandika kwa wino wa kijani: hifadhi ya ndege.
Hakuna aliyemwaga sumu.
Watu walimwagilia tu.

Majini ni chembe. Mwani ukainywa,
funza wakala mwani, visamaki wakala funza,
kibisi akala visamaki, na kila mlaji
akarithi deni la aliyeliwa.
Haba na haba.
Nasi tulidhani ni methali ya akiba.

Seleni. Waliiita kwa jina la mwezi.

Jina hilo nililijua kabla ya kazi hii.
Ng'ambo ya bonde, kwa baba yangu, Serafim Bettencourt,
udongo unaililia. Ndama walizaliwa
na misuli myeupe kama minofu ya samaki,
wakashindwa kusimama.
Mimi nikishika shingo, Baba akidunga sindano:
kichupa, lebo ya buluu, seleni.
Kesho yake ndama akasimama, akanyonya.
Baba akakibusu kichupa.

Jana nilimwambia, mezani. Akaweka kijiko chini.
"Ileile?"
Ileile, Baba.
Akaitazama mikono yake mpaka supu ikapoa.

Leo zamu yangu ni mzinga wa gesi:
kila dakika tano unalipua hewa, bata wasitue.
Wanapaa, wanazunguka, wanayaona
maji yanayong'aa, maji pekee kwa maili arobaini,
wanarudi.
Nawapigia kelele kwa Kireno, lugha yetu ya kufukuzia kuku.
Nendeni! Nendeni mbele!

Mbele kuna pamba.