Nyanya Dirishani

Hotelini ninakofanya kazi, Kilimani,
vikapu vya waya vinaning'inia kwa minyororo
na maua yake hunywa maji kuliko nyumba yangu.
Kimoja kilikatika sikio. Meneja akasema, tupa.
Nikakitupa hadi Embakasi,
begani, saa tatu kwa miguu,
watu wakidhani nimebeba mtego wa kware.

Kwetu ni ghorofa ya nne, Pipeline,
dirisha linatazama dirisha.
Ukinyoosha mkono wenye ufagio
utafagia sebule ya jirani.
Jua la hapa halichomozi; hupenya.
Huingia saa sita na robo kama linamtafuta mtu,
saa saba kasoro tano limekwenda.
Dakika arobaini. Nimezipima kwa simu ya Mumbua.

Nikatandika makumbi ya nazi kutoka Marikiti,
udongo nusu, samadi ya mbuzi nusu.
Lekishon aliyeniuzia aliapa
mbuzi wake hawali plastiki.
Mche nikaupenyeza kwa chini,
miguu juu, kichwa kikitazama uani,
kama popo aliyeamua kulima.

Kyalo akampigia bibi yake simu, Mbooni:
"Nyanya, tumekutundika dirishani!"
Kimya.
Kisha bibi akauliza kama baba yake ameanza kunywa.
Akaelezwa. Akacheka mpaka salio likaisha.
Jumamosi dereva wa lori la mchanga
akatuletea fundo la leso: mbegu za kunde,
na ujumbe kwamba hizo zipandwe kichwa juu.

Maji huja Jumanne na Ijumaa.
Ya kuoshea mchele hutangulia kikapuni,
ya kusuuzia vikombe hufuata.
Ya sabuni nilijaribu mara moja;
majani yakakunja uso siku nne.

Haba na haba, walinena wahenga,
hawakusema lolote kuhusu ghorofa ya tatu.
Haba na haba, shati jeupe la shule
la binti wa Kemunto likapata ramani
ya kahawia, yenye mito na visiwa.
Akapanda nalo likidondoka. Hakupiga hodi.
"Shamba lako," akasema, "limehamia kwangu."
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kipande cha sabuni.
Nikalifua pale pale, mbele yake,
naye amesimama, anakitazama kikapu
kwa jicho la mtu anayekadiria kodi.

Wiki iliyofuata kamba yake ya nguo ilisogea kushoto.
Palipokuwa pakidondokewa
pakakaa kopo la rangi, la lita nne, lenye managu.
Hakuniambia. Nilichungulia nikayaona,
yamenona hadi kukaribia weusi.
Sasa tone langu hupitia kwake,
na lake, nasikia, limeanza kuleta maneno ghorofa ya pili.

Tulipata nyanya tatu.
Nitasema kweli: tatu.
Ya kwanza aliila panya; alipandia wapi, sijui.
Ya pili Kyalo aliila ingali kijani, akakana,
mbegu zikiwa kidevuni.
Ya tatu tuliilinda kama karatasi ya mtihani wa taifa.
Iliiva upande mmoja, ule wa dakika arobaini,
upande wa pili ukabaki na rangi ya kusita.
Mumbua akasema, kesho.

Usiku ikaanguka.
Nilisikia kopo la chini likilia mara moja tu: ti.
Nikalala nikijua,
na mtu wa chini akijua kwamba najua.

Asubuhi palikuwa na kisahani mlangoni,
kimefunikwa kwa kisahani kingine.
Nusu nyanya, imepakwa chumvi na pilipili.
Nikaigeuza kwenye mwanga wa ngazi.
Ilikuwa ile nusu nyekundu.