Rufaa ya Dole Gumba

Andika, karani: Drusila Kerubo,
miaka sabini na mitatu, Kariobangi,
mlango wa bluu nyuma ya kinu cha unga.
Mashine yenu imenikataa mara tatu.
Eti sina alama.

Alama nilizisugulia mashuka ya watu
Kilimani, Lavington,
jiki ikitafuna, maji ya asubuhi yakimalizia.
Kola ngapi nyeupe zimekwenda kazini na mistari yangu?
Pengine na hiyo yako.

Sikuja kuomba.
Pesa ya wazee ni ya wazee,
na uzee huu sikuuazima.

Ameandika. Amegonga muhuri.
Kisha, bila kuinua macho,
ananisogezea fomu ya rufaa
na kikopo cha wino:

“Mama, weka kidole hapa.”